Hapana ya Tunduma

Mimi ni nesi, na mdomo wangu hauna breki. Ndiyo maana alipotafutwa mtu wa kuwafundisha vijana wa sokoni Tunduma mambo ya afya ya uzazi na mahusiano, wenzangu zahanati walinitaja kabla sijamaliza chai yangu. Wao waliona aibu kushika kondomu mbele ya watoto wa majirani. Nikawaambia leteni, na ndizi ya kuonyeshea nitanunua mwenyewe.

Kondomu haikunipa shida. Walicheka, wakainamisha vichwa, wakazoea. Kazi ilikuwa kwenye kukataa.

Siku hiyo nilisimamisha wawili waigize. Mmoja ni binti muuza vitenge, wazazi wake wakulima wa kahawa kule Itaka, mtu mzima wa miaka ishirini na kitu, mpole ila si mjinga. Mwingine kijana wa bodaboda. Nikamwambia kijana ambembeleze binti waende gesti, na binti akatae.

"Hapana," binti akasema.

"Haya, mwisho ngapi?" kijana akajibu, mikono kiunoni.

Darasa likavunjika mbavu. Mimi nikafura. "Mnacheka nini?"

"Mama, usikasirike," kijana akasema. "Hapa mtu akikwambia hapana, si anataka uongeze?"

Jamani, niseme nini? Alikuwa anausema mji wetu. Tunduma hununui hata sufuria bila kukataa kwanza na kujifanya unaondoka. Mzambia akivuka mpaka akasema "awe", hapana ya kwao, muuzaji hakasiriki, anamvuta mkono amwonyeshe nyingine. Watoto wetu wamekua wakisikia hapana za uongo tangu wakiwa mgongoni.

"Mwili wa mtu hauna bei ya kuanzia wala ya mwisho!" nikawaka. "Ukiambiwa hapana, washa pikipiki yako uende!"

Kisha yule binti akauliza, "Mama, na mtu akikataa kupima virusi, hiyo nayo ni hapana ya kuheshimu?"

"Ni ya kuheshimu," nikamjibu. "Humburuti mtu. Lakini na wewe unayo yako."

Wenzake walipotoka, alibaki akanieleza. Alikuwa na mchumba, kijana wa kugomboa mizigo mpakani, mtu ambaye kazi yake ni kuongea mpaka lori lipite. Mahari ilishapokelewa, na kwao Itaka walikuwa wameshatangaza harusi baada ya mavuno. Alimwomba wapime kabla hawajalala pamoja. Mchumba akaanza kupatana: tupime baada ya harusi. Akakataliwa. Basi pima wewe peke yako, majibu yako ndiyo yangu.

"Mwongo huyo!" nikaropoka. "Majibu yako ni yako. Mmoja anaweza kuwa navyo na mwenzake asiwe navyo."

"Najua, Mama. Ila nampenda." Akalia. "Nikishikilia hapa, ataniacha. Nyumbani nitasema nini?"

Mimi na mdomo wangu wote! Nilimpa tishu tu.

Wiki iliyofuata nilipita kibandani kwake kutafuta kitenge cha msibani, nikamkuta mchumba amesimama pale, kaka wa watu kapendeza, anabembeleza. Sasa alikuwa amefika kwenye "nitapima, lakini mwezi ujao, na wewe usiwe mgumu leo." Binti alikuwa ametandaza kitenge mezani. Akakikunja polepole, akakipandisha shelfu ya juu kabisa, akanigeukia mimi: "Karibu, Mama."

Kila mtu sokoni anaijua hiyo. Kitenge kikikunjwa kikapanda juu, biashara imekwisha, hata mteja king'ang'anizi anaondoka. Kijana akakitazama kitenge kule juu. Kisha akaondoka kweli, na binti akanipimia kitambaa macho yakiwa njiani alikopita. Nilimuonea huruma, na nilijivunia mno hata nikasahau kuomba punguzo.

Siku kadhaa zikapita kimya. Kisha asubuhi moja nikamwona mchumba kwenye benchi letu zahanati, peke yake, jasho linamtoka na baridi yote ile. Nilipomwita ndani akaanza mambo yake.

"Mama, hamna namna ya kuandika tu cheti?"

"Hapa si mpakani. Unaogopa sindano?"

Akatazama chini. "Naogopa majibu. Zamani sikuwa mtulivu. Nikiwa navyo, ataniacha."

Hasira yangu yote ikaniisha. Kumbe maneno yote yale yalikuwa woga. Nikamwambia dawa zipo, watu wanaishi, wanaoana, wanazaa watoto wazima. Akasema hayo anayajua kwenye redio. Akaomba nimpigie simu binti.

Binti alikuja na aproni yake ya kazini. Kijana akamwambia mwenyewe, kwa kukatakata, yaleyale aliyoniambia mimi. Mara hii hakubembeleza. Binti alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akakaa karibu naye.

"Hata ukiwa navyo nitabaki," akasema. "Ungenificha ndiyo ningeondoka."

Majibu yao siwaambii, ni yao. Ninachoweza kusema ni kwamba sikuwahi kumbembeleza yule kijana. Alinipa kidole nikitoboe kabla sijakiomba.