Salamu Mbele ya Mizani

Programu ya chama chetu cha wafuga nyuki niliiandika mwenyewe, sebuleni kwangu Chemchem, kwa lugha ya Python, na nilijivuna nayo kupita kiasi. Ilikuwa na vipande vitatu: kimoja kinasoma mizani, kingine kinachapa lebo za ndoo, cha mwisho kinamtumia mfugaji ujumbe. Vikazi vidogovidogo ambavyo vipande vyote vitatu vinavihitaji nilivitia kwenye faili moja nililoliita zana. Mizani zilikuwa tatu na zilifanya kazi kwa pamoja, kila moja na uzi wake, kama tunavyosema mafundi, yaani njia yake ya kufanyia kazi ndani ya programu ileile. Niliijaribu peke yangu wiki nzima, haikukosea hata mara moja.

Siku ya tatu ya kupokea asali, ndoo moja ikakutwa imetiwa maji. Lebo ilisema ni ya mama mmoja wa Usinge, ambaye asali yake ndiyo tuliyozoea kuwaonjesha wageni. Katibu wa chama, mtu mkali, akaamua: Jumamosi mama aitwe mbele ya wanachama, afutwe uanachama.

"Mimi sijatia maji," mama aliniambia kwenye simu. "Hiyo mashine yako imesema uongo, mwanangu."

Nilikasirika kwelikweli. Kesho yake asubuhi nikaenda kituo cha kupokelea asali ili nipate ushahidi wa kumnyamazisha, nikakaa kwenye benchi nikiwatazama makarani.

Karani mmoja aliandika namba ya uanachama ya mzee mmoja wa Ntalikwa kwenye kompyuta, kisha, badala ya kupandisha ndoo, akainama. "Shikamoo baba." Marahaba. Habari za nyumbani, mvua, ng'ombe, na yule mgonjwa anaendeleaje? Huku kwetu hugusi mzigo wa mkubwa kabla salamu hazijaisha. Wakati huohuo karani wa mizani ya pili akaandika namba ya mtu mwingine. Salamu zilipokwisha, ndoo ya mzee ikapandishwa, na lebo ikatoka na namba ya yule mwingine.

Nikaifungua programu palepale. Ndani ya zana nilikuwa nimeweka sehemu moja tu ya kukumbuka nani anapimiwa, na nyuzi zote tatu ziliandika hapohapo, huu ukifuta kilichoandikwa na ule. Sebuleni sikuliona kosa kwa sababu sikuwa na mtu wa kumsalimu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kwanza niliweka kufuli: mizani moja ikianza, nyingine zisubiri. Lebo zikawa sahihi, lakini foleni ikafika barabarani.

"Basi waache hizo salamu ndefu," katibu akasema.

Nikamjibu kwamba siandiki programu ya kuwafundisha watu utovu wa adabu. Nikarudi kwenye zana, nikaifuta ile sehemu moja, nikaupa kila uzi mfuko wake wa kutunzia namba, mwingine usitie mkono. Ilikuwa mistari kumi na mmoja tu.

Jumamosi, wanachama wakiwa wamekusanyika kituoni, nilisimama kabla mama hajaitwa, nikasema kosa ni langu. Mwenye ile ndoo ya maji hatukumjua, na mpaka leo hatumjui. Ila mama alikuwa amekuja na ndoo mpya, akataka ipimwe palepale.

Mizani tatu zikaanza kwa pamoja, na makarani watatu wakasalimia wakubwa watatu bila haraka. Salamu za mama zilifika mpaka kwa wajukuu. Kisha ndoo ikapanda, lebo ikatoka, na namba ilikuwa yake. Kipimo cha maji kikaonyesha asali safi. Furaha iliyonijia sijawahi kuipata tena katika kazi hii.

"Tusamehe, mama," alisema katibu.

Mama aliibandika lebo kwa mkono wake, akaisugua kwa kidole gumba, akawageukia wanachama. "Njooni msome."

Wakajipanga, mmoja mmoja, wakainama kusoma. Nikajifuta machozi kwa mkono wa shati, nami nikaingia kwenye foleni.