Gari la Buluu la Parklands

Mimi ni muuguzi. Nilikuwa na miaka hamsini na mmoja nilipolinunua gari la spoti, na mpaka leo mtu akiniuliza kwa nini, naanza sentensi na siimalizi.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi katika hospitali moja ya Parklands. Nikitoka zamu ya asubuhi nilipita mtaa wenye nyumba za zamani ambazo zilikuwa bado hazijabomolewa ili zijengwe maghorofa. Katika ua wa nyumba mojawapo palikuwa na gari la buluu la milango miwili, fupi, limelala karibu na ardhi. Nadhani nilikuwa nimelipita miaka mingi bila kuliona. Siku hiyo lilikuwa na kadibodi kwenye kioo cha mbele: INAUZWA. Nikasimama. Magari hayakuwa mambo yangu. Letu nyumbani Uthiru lilikuwa la kazi, la kubeba magunia ya mahindi kutoka kwa wakwe zangu Bungoma, na harusi, na mazishi.

Mwenye nyumba akatoka, mzee wa Kihindi aliyevaa sweta ingawa jua lilikuwa kali. Aliitazama sare yangu.

"Sista, unataka gari?"

"Hapana, mzee. Naangalia tu."

"Basi angalia ukiwa ndani."

Alinieleza kwamba lilikuwa la mwanawe. Kijana alikuwa amehamia ng'ambo miaka mingi iliyopita, na baba yake amekuwa akiliwasha kila Jumapili ili lisife. Sasa magoti yalikuwa yanamkataza kuingia na kutoka. Bei aliyotaja ilikuwa ndogo hata nikadhani sikusikia vizuri. Nikamwomba airudie. Akairudia ile ile. Mtu mwenye akili zake angeuliza kwa nini. Mimi niliuliza kama ni kweli taa zake hujificha ndani ya boneti.

Akabonyeza kitufe. Taa zikachomoza kama macho ya mtu aliyeamshwa. Nikacheka peke yangu pale uani.

Aliniambia niliendeshe, naye akaketi kando yangu akiugua magoti. Tuliifuata Waiyaki Way, kisha tukaingia Loresho, kwenye zile barabara tulivu zenye nyua za michongoma na walinzi wanaosoma magazeti. Nilikuwa nimekaa chini sana, karibu na lami, na kila nilipokanyaga mafuta nilihisi mgongo ukisukumwa kwenye kiti. Kwenye mteremko mmoja nikajikuta ninalia. Sikuwa na huzuni, wala sikuwa na furaha ninayoweza kuitaja. Machozi yalikuwa yanatoka tu.

Mzee alitazama nje ya dirisha lake kwa adabu. "Mke wangu pia alilia," akasema. "Kijana alimpeleka hekaluni na hili gari. Yeye aliogopa. Wewe unaogopa?"

"Sijui, mzee."

Siku ya nne nililinunua. Fundi sikumwita. Nilijiambia kwamba fundi lazima angetafuta kasoro, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Nimewasikia wagonjwa wakisema maneno hayo hayo juu ya daktari, na nimewakemea.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa Kiswahili, amestaafu. Nilipoliingiza gari langoni alilizunguka mara mbili, mikono nyuma.

"Hili ni la nani?"

"Letu."

Akasema kama anayesahihisha insha, "Hapo kuna kosa."

"Haya. Langu."

"Sawa," akasema, akaenda kumwagilia sukuma wiki yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, na ugomvi haukuja. Nikabaki pale na maneno yangu yote ya kujitetea, sijui niyaweke wapi.

Wiki za kwanza nililiendesha kwenda kazini, na majirani wakaacha kunisalimia kwa jina la mtoto wangu wa kwanza wakaanza kuniita dereva. Vitu vidogo vikafa. Redio ikafa. Vioo vya milango, vilivyokuwa vya umeme, vikakwama vikiwa karibu kufungwa, pakabaki nafasi ya kupitisha kiganja tu. Sauti fulani ikaanza mahali nisipopajua, kama mtu anayekunja karatasi ngumu, kila nilipovuka tuta. Nikizungusha usukani inaacha. Nikaizoea.

Jumamosi moja mume wangu alikubali nimpeleke Westlands kuchukua miwani yake mipya. Tuliporudi, mtaa wetu ulikuwa umechimbwa kuwekwa bomba la maji. Karibu na lango gurudumu moja la mbele lilipanda rundo la mawe, gari likainuka upande mmoja, injini ikazimika na ikakataa kuwaka. Nikavuta mpini wa mlango. Haukufunguka. Mume wangu akausukuma wake kwa bega. Nao ukakataa.

Nikampigia simu fundi wa Kangemi aliyekuwa akitutengenezea gari letu lile la magunia. Akasema yuko chini ya lori, tumngoje. Tulingoja karibu saa mbili. Watu walipita, wakainama kutuchungulia, wakavuta milango kwa nje bila mafanikio. Mama mmoja wa kanisani alitupitishia ndizi kwenye ule upenyo wa kioo.

Magoti ya mume wangu yalikuwa karibu na kidevu. Alimaliza ndizi yake kwanza.

"Mama, nikuulize. Ulikuwa unataka kwenda wapi?"

"Leo?"

"Ulipolinunua hili. Mtu hununua gari kama hili akiwa na mahali anapotaka kufika upesi. Au akiwa na mtu anayemkimbia."

Nilifikiri kwa uaminifu kabisa. "Sijui. Watoto walipoondoka nilidhani nitapumzika. Badala yake mikono imekosa cha kushika."

"Mimi nilidhani unanikimbia mimi."

"Na ndiwe niliyekubeba."

Akacheka kidogo, kisha akaitoa ile miwani mpya na kunitazama nayo kwa muda mrefu. Sikujua anaona nini.

Fundi alikuja na jeki. Alipoinua ule upande ulioshuka mpaka gari likasimama sawa, milango ikafunguka yenyewe, yote miwili, bila kuguswa. Hilo lilimshangaza. Akatandika gunia, akaingia chini na tochi, akakaa huko muda mrefu. Kisha akaingia ndani ya gari, akafunua kapeti nyuma ya viti.

"Madam, kuja uone. Hii gari ni mbili."

Alinionyesha mstari wa chuma kilichochomelewa, mnene kama kovu la upasuaji lililopona vibaya, ukikata sakafu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Akanieleza polepole. Magari mawili yalikuwa yamepata ajali, moja limeumia nyuma, lingine mbele. Mtu fulani aliyakata yote mawili na kuunganisha vile vipande vilivyobaki vizima, kisha akapiga rangi. Ndiyo maana lilikuwa likijikunja likipanda jiwe, na milango ikabanwa.

"Na nikigongwa?" nikauliza.

"Hapo sasa sitaki kukudanganya, madam. Itaachana hapa."

Nikaketi kwenye ukingo wa ule mtaro wa bomba. Stakabadhi nilizokuwa nazo zilikuwa za ile nusu ya mbele. Ya nyuma ilikuwa ya nani? Watu wawili waliwahi kuumia katika magari haya, au walikufa, na mimi nilikuwa nimeenda nao kazini mwezi mzima.

Jumatatu nilikwenda kwa yule mzee. Nilikuwa nimejipanga kukasirika. Alinikaribisha chai ya tangawizi, nikamwambia yote, naye akasikiliza akiwa amekishika kikombe bila kunywa. Sikuona hila usoni mwake. Nimekaa na watu wengi wanaopokea habari mbaya, na naujua uso huo.

"Alimpakia mama yake ndani," akasema hatimaye. "Sista, kijana alijua?"

"Labda naye alidanganywa, mzee."

"Labda."

Alitaka kunirudishia pesa zote. Nilikataa, kisha nikakubali nusu, na njiani kurudi sikuelewa kwa nini nilikataa wala kwa nini nilikubali. Fundi alilivunja gari Kangemi, akauza injini na viti. Sehemu yenye lile kovu nilimwomba aikate vipande vipande, mtu asije akaipiga rangi tena. Nilisimama pale mpaka akamaliza.

Baada ya wiki kadhaa mzee alinipigia simu nikiwa wodini. Alikuwa amemuuliza mwanawe. Kijana alinyamaza, kisha akauliza kama mvua imeanza kunyesha Nairobi.

"Wewe unazungumza na watu kila siku," akaniambia. "Kunyamaza kama huko kuna maana gani?"

Nilitaka kumpa jibu zuri. Nikamwambia sijui, lakini nikitoka zamu nitapitia kwake. Nilipofika alikuwa ameketi uani kwenye kiti cha plastiki. Akanivutia kingine, nikakaa.