Aya ya Tatu ya Risala

Nilikubali kuiruka aya ya tatu ya risala, na hadi leo natamani ningekataa. Juzi hapa mjini, mtaani Area D, nilimwona binti wa shule akimsomea mgeni rasmi risala nzima, pamoja na malalamiko, bila sauti kutetemeka. Nikakumbuka mchana niliposoma risala yetu shuleni kwetu Bahi, harufu ya pilau na ya vumbi lililonyunyiziwa maji.

Mbunge alikuja na tajiri mmoja aliyeneemeka serikali iliporuhusu biashara huria. Ndiye aliyetoa mabati ya shule yetu, pilau ya siku ile, na magari ya kampeni ya mbunge. Aya ya tatu ilimwomba mbunge asimpe tajiri huyo mbuga tuliyochungia ng'ombe.

"Hiyo iruke, mwanangu," mwalimu mkuu alininong'oneza. "Mgeni hasemwi huku tunakula chakula chake."

Nilidhani ni adabu tu. Nikasoma, makofi yakapigwa, nikashusha pumzi. Sikujua kwamba baada ya risala hakuna mzazi ambaye angeruhusiwa kusimama kusema, na kwamba wote walikuwa wakiisubiri aya ile.

Tajiri akapewa mbuga. Baba akahamishia ng'ombe Mtera, mbali na kwetu. Nilipomwungamia uzeeni mwake kwamba niliiruka aya ile, alicheka mpaka akakohoa.

"Lawama nikikupa wewe uliyekuwa mtoto, mbunge nitampa nini?"

Siku hiyo nililala usingizi mzuri. Hata hivyo, baba alikaa Mtera na mifugo miaka tisa, na miaka hiyo yote nilikua bila yeye nyumbani.