Joka la Vichwa Saba

Jirani yangu husuka ukili wa mkeka huku kidole gumba cha mguu kikishikilia kurasa za kitabu. Binti mmoja humo anapigana na joka la vichwa saba. Mwandishi ni mpya, Kirongwe nzima hatujawahi kumsikia. Joka likisogea, ukili hubana. Binti akiponyoka, hulegea. Usimsemeshe, hakusikii.

Leo alasiri mikono ilisimama. Akafunga kitabu, akapiga kigelegele. Huku kwetu kigelegele hujibiwa kwanza, sababu huulizwa baadaye, basi mtaa mzima ukaitikia. Bi Nunu akaja mbio, upawa mkononi.

"Nani kajifungua?"

"Hakuna, mwenzangu. Yule binti kaliua joka!"

"Vichwa vyote?"

"Vyote saba!"

Bi Nunu akainua upawa juu, akakianza kigelegele upya.