Tembo wa Bibi Apelekwe Kupimwa Wapi?

"Hapana Bibi, sarafu yako hawaiyeyushi. Nimekwambia mara ngapi? Wanaiangalia tu, wanaipima uzito, wanasema ni ya kweli au ya kughushi, wanaipa alama kama za mtihani, halafu wanaifungia kwenye kibao cha plastiki wanairudisha."

"Na ikishafungwa kwenye hiyo plastiki, mimi naitoaje?"

"Huitoi. Ukiivunja, upimaji umeisha."

"Basi wameniibia huku naiona," akasema Bibi, akaendelea kumenya karanga.

Naandika haya yote leo leo, kwa sababu nusu ya mazungumzo nilikuwa nimekasirika na nusu nyingine nilikuwa nacheka, na nikilala nitachanganya.

Bibi Thureya ni mama yake baba. Nyumba yetu iko hapa Mtendeni, na kitu tunachobishania ni sarafu moja ya dhahabu, ndogo, upande mmoja ina tembo na upande wa pili ina tai. Ilitengenezwa hapahapa Tabora, kwenye karakana ya reli, wakati Wajerumani wamebanwa na vita na hela zimewaishia. Babu aliitoa kuwa mahari ya Bibi. Bibi ameiweka kwenye kopo la maziwa ya unga pamoja na zile za shaba za wakati uleule, ambazo nyumba nyingi za zamani hapa mjini ukipekua hukosi moja mbili.

Isingekuwa Idi iliyopita, tembo angeendelea kulala kwenye kopo lake. Siku hiyo Ami Seif, mdogo wake baba, anayekaa Ipuli, alisema mbele ya wageni kwamba dhahabu gani hiyo, ni shaba imepakwa rangi, mama yake amelinda shaba maisha yake yote. Bibi alikusanya vikombe akaingia jikoni. Mimi ndiye niliyejibu, na nilijibu vibaya, kwa maneno ambayo mtoto hamwambii ami yake. Tangu hapo sijakanyaga Ipuli.

Kwa hiyo nilitaka karatasi. Nilitaka karatasi yenye muhuri wa watu wasiotujua, nimwekee Ami mezani, ameze maneno yake. Nimesoma mtandaoni wiki nzima habari za kampuni za Marekani zinazopima sarafu. Nimempata na mtu wa Dar, ana ukurasa wa sarafu za kale, amenijibu vizuri sana: "Mdogo wangu, niletee mimi. Nitaipima mwenyewe, na ikiwa nzuri nainunua hapohapo, usihangaike na mambo ya kutuma nje." Mimi nikaona kazi imekwisha.

Nikamweleza Bibi habari zake, nikamwonya jambo moja tu, kwamba kuanzia sasa asiiguse kwa mkono wenye mafuta, na kamwe asiisugue.

"Nisiisugue?" Akacheka. "Mwanangu, kila Idi naiosha kwa ukwaju na jivu. Mama mkwe wangu aliiosha hivyohivyo kabla yangu. Sisi hatuachi kitu kichafu nyumbani siku ya Idi."

Nilikaa chini. Nilikaa kabisa, sakafuni. Kwa sababu nimesoma mara mia kwamba sarafu ikisuguliwa wapimaji wanaona mikwaruzo kwa kioo cha kukuzia, wanaandika kwamba imesafishwa, na alama hawakupi tena.

"Bibi! Umeiharibu!"

"Nimeiharibu? Mbona inang'aa?"

Kaka yangu Hafidh alikuwa mlangoni anafunga kamba za viatu. "Rahima muache Bibi," akasema. "Mtu kamuogesha tembo wake maisha yote, leo unataka apelekwe Marekani akafeli mtihani. Si angalau angefeli Tabora, tungemtafutia tuisheni?"

Bibi alicheka mpaka ushungi ukaanguka. Mimi sikucheka. Baadaye nilicheka, ila si pale. Hafidh alipokwisha kutoka, Bibi aliusogeza ungo wa karanga katikati yetu, maana yake nimsaidie, na maana yake pia kwamba hadithi inakuja. Bibi akianza hadithi haharakishwi. Ukimharakisha anarudi mwanzo. Naiandika kama alivyoisema.

"Iko siku moja, mwanangu, sijaisahau wala sitaki kuisahau. Nilikuwa mgeni katika nyumba hii. Nimetoka kwetu Nzega, kwa watu wa ng'ombe, na kwetu mahari ni kitu kinachotembea, unakihesabu miguu. Hapa nikapewa kitu kidogo kama kishikizo cha shati. Babu yako nilimpenda, hilo sikufichi, lakini jirani mmoja akaninong'oneza kisimani: mwenzangu, hawa watu wa mjini, umehakikisha? Basi. Neno likiingia sikioni halina mlango wa kutokea. Nikaifunga sarafu kwenye pindo la kanga, nikasema naenda sokoni, nikaenda kwa sonara.

"Sonara akaigeuza, akaigonga, akainusa. Akachukua tupa. Akasema, mama, kwa juu siwezi kujua, nichonge kidogo ubavuni nione ndani. Ikiwa mbaya usihuzunike, nitakuchukulia hivyohivyo kwa bei ndogo, nikusaidie. Mimi nikaona mtu mwema huyo. Ujana bwana."

(Hapa nilijua anaelekea wapi na nilitaka kumwambia, ila nilinyamaza. Nimenyamaza mara chache sana maishani, naomba ihesabiwe.)

"Tupa haijagusa, akaingia mama mkwe wangu, Bi Zuwena, Mungu amrehemu. Alikuwa amefuata herini zake. Nilitamani ardhi inimeze. Unajua hakupiga kelele? Alimsalimia sonara, akauliza watoto, akaketi kwenye benchi ubavuni kwangu, akalishika lile pindo la kanga yangu lililofunguliwa, akalikunjakunja. Halafu akasema polepole: 'Mwanangu, akikwambia ni shaba, kesho unarudi Nzega?' Nikasema hapana mama. 'Akikwambia ni dhahabu, kesho utampikia mwanangu vizuri zaidi?' Nikashindwa, nikacheka. 'Basi unamchonga tembo wa watu wa nini?'

"Kisha akamgeukia sonara. Akamwambia, 'Na wewe baba, uwe mpimaji au uwe mnunuzi. Ukiwa vyote viwili, mizani yako itakuwa na kidole juu.' Sonara akacheka, akarudisha tupa. Alikuwa si mtu mbaya, mwanangu. Mwamba ngoma ngozi huivuta kwake, hata aliye mwema.

"Njiani kurudi nilidhani sasa ndiyo nitatukanwa. Wala. Alininunulia asali. Akasema: 'Sijakukataza kupima. Mali yako, mahari yako, hata mume hana neno juu yake. Ipo siku utahitaji kujua kweli, na siku hiyo pima. Lakini nenda kwa asiyeitaka. Na usiende kwa siri kama mwizi wa kitu chako mwenyewe.' Jioni nilimweleza babu yako mwenyewe. Alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye mkeka, akaniuliza kama nataka aniletee na ng'ombe wawili juu yake."

"Akaleta?"

"Alileta mbuzi. Mtu wa mjini."

Tukamenya karanga mbili tatu. Mimi lakini nina tabia mbaya ya kurukia mwisho. Nikasema, "Sawa Bibi, nimeelewa. Kwa hiyo hutaki."

"Nani kasema sitaki? Wewe husikilizi, wewe unasubiri zamu yako ya kusema." Akanirushia ganda. "Mimi sikuhitaji kujua, nilikuwa na mume. Ninyi mna nini? Mna neno la Seif. Nikifumba macho, huyu tembo ni fungu la mirathi. Mmoja atahesabu dhahabu, mwingine atahesabu shaba, na kaburi langu halijakauka mtaanza kuitana majina. Siku aliyoisema Bi Zuwena imefika. Ipimwe. Haya, nieleze wewe uliyesoma: hao watu wa nje, wananunua?"

Nikamwambia kwa ninavyosoma kampuni kubwa za kupima hazinunui wala haziuzi, zinalipwa ada iwe nzuri iwe mbaya, na ndiyo maana wanunuzi wa nchi zote wanakubali neno lao. Nikamwambia na ubaya wake: ada si ndogo, kuna usafirishaji, kuna bima, kuna forodha kwenda na kurudi, na haiendi kwenye bahasha kama kadi ya harusi. Kwa zile za shaba haina maana, gharama inazidi sarafu yenyewe. Kwa tembo inafaa.

"Za shaba zibaki kwenye kopo, zinatosha kuchezea wajukuu. Na huyo wa Dar?"

Nikamsomea ujumbe wake kwenye simu.

"Chema chajiuza, mwanangu. Mbona yeye anaharakisha?"

"Ila Bibi, kwa sababu ya ukwaju hawatampa alama. Wataandika imesafishwa."

"Waandike. Ni kweli, nimeisafisha. Mimi si mwanafunzi, alama za nini? Nataka waseme ni yeye au si yeye."

Hapo ndipo kichwa changu kilipotulia kidogo. Wiki nzima nilikuwa nahangaikia namba, wakati hakuna mtu nyumbani anayetaka namba. Kumbe upo upimaji wa uhalisi hata kwa sarafu iliyosuguliwa, unarudi na jibu bila alama. Nilikuwa nimeupita huo ukurasa kwa haraka. Lakini swali moja nilikuwa nalo tangu hadithi ya sonara, nikalitoa.

"Na wakisema ni shaba?"

Bibi aliinua uso. Hakukasirika, alikuwa ametulia kama mtu aliyekula akashiba. "Itarudi mahari," akasema. "Itakwenda ikiwa mahari, itarudi ikiwa mahari. Hicho hakipimwi kwa kioo. Wewe ndiye wa kuulizwa: wakisema ni shaba, utakwenda kumwambia Seif? Au karatasi ni ya kumpigia tu ikiwa upande wako?"

Nikachukua ganda, nikaanza kulivunjavunja. Akaniona, akanihurumia, akaweka mkono wake wenye vumbi la karanga juu ya wangu.

"Sikiliza basi, na uwaambie wenzako. Kabla hujauliza swali, jua jibu utalifanyia nini, yote mawili, tamu na chungu. Ukishajua, mtafute wa kukujibu asiyekuwa na njaa ya kitu chako. Hii ni ya sarafu, ni ya shamba, ni ya mchumba, siku yako ikifika utaniambia. Na kitu cha nyumba kisitoke nyumbani wenye nyumba hawajui. Asiyekuwapo na lake halipo, ndivyo watu wanavyosema, lakini mwanangu, hiyo ni methali ya watu wanaogawana nyama. Ndugu asipokuwapo, lake liwekwe kando mpaka aje. Mungu akupe jicho la kuona na kifua cha kungoja. Akukutanishe na waaminifu popote utakapotuma mkono wako, na kila unachokipeleka mbali kirudi salama. Amina. Sasa ondoa maganda haya."

Nimemwandikia yule wa Dar kwamba ahsante, hatuji. Amejibu haraka sana akipandisha bei ya kitu ambacho hajakiona.

Kesho asubuhi, kabla sijajaza fomu yoyote na kabla sijapiga picha, nakwenda Ipuli. Naondoka mapema ili nimkute Ami Seif hajatoka kwenda dukani. Hafidh simchukui, ataharibu kwa mizaha. Nitabisha hodi, nitampa shikamoo yangu na nitasubiri marahaba hata ikichelewa. Nitamwomba msamaha kwa yale ya Idi, yale yangu, ya kwake atajua mwenyewe. Halafu nitamwambia sarafu ya mama yake inakwenda kupimwa, na kwamba jibu likija, liwe dhahabu liwe shaba, bahasha ataifungua yeye.