Pilipili za Mbwa Wetu

Juzi, hapa Ntobeye, nilimwona jirani akichanganya pilipili kwenye chakula cha mbwa wake, nikakumbuka harufu ya kinu chetu. Nilipokuwa mtoto, baba alitaka mbwa mkali wa kulinda mbuzi, akiamini pilipili humtia ukali, na mtwangaji wa pilipili nilikuwa mimi.

Alasiri moja mbwa alikula huku machozi yakimtoka. Nilidhani ni furaha ya kushiba. Kisha akakata kamba, akamng'ata mguuni bibi, mama yake baba, aliyezoea kumpa ukoko wa ugali. Majirani wakaja na marungu.

“Mwacheni mbwa, wanangu,” bibi alisema, mama akimwosha jeraha kwa sabuni. “Nileteeni aliyempa pilipili.”

Baba aliinamisha kichwa. Mimi nilificha viganja mgongoni. Vilikuwa bado vinawasha.