Mwembe Uliokatwa na Maua Yake

Watu wakisifu maembe ya Likasi mbele yangu mimi hunyamaza, kwa sababu nikifungua mdomo tutagombana. Nyuma ya nyumba yetu ya kampi ya wafanyakazi tulikuwa na mwembe, na miaka yote ya utoto wangu haukutupa hata embe moja la kuonja.

Mama aliupanda mwenyewe, kwa kokwa aliyopewa na dada yake wa Mulungwishi. Majirani walimcheka: nani anapanda mti kwenye nyumba ya kompani? Mume akistaafu leo, kesho mnafungasha. Mama hakujali. Alitaka embe la mti wake, basi. Mti ukakua, ukanenepa, majani yake mazito ya kupendeza, lakini maua wapi! Kila mtu akaja na dawa yake. Huyu alisema tuupige misumari. Yule alisema ni moshi wa kiwanda, ule uliotukereketa koo kila upepo ulipogeuka. Kuhusu moshi hakukosea, miembe ya upande wa kiwanda ilipukutisha maua kila mwaka. Wetu ulikingwa na ukuta wa shule, na bado haukuwa hata na maua ya kupukutisha.

Baba alichoka. "Hii muti ikikosa kuzala hii mwaka, minye naikata makala," alisema, yaani auchome makaa ya kupikia, na baba hakuwa mtu wa mzaha.

Mwisho wa mvua, dada wa mama akaja kututembelea. Alipozunguka nyuma ya nyumba akapiga makofi kwa mshangao. Chini ya mwembe mama alilima nyanya, na kila kiangazi sisi watoto tulimwaga pale maji ya kuoga na ya vyombo, tukidhani tunausaidia mti.

"Yoo! Weye unaikunywesha hivi, itazala sababu gani?" alimwambia mama. "Kwetu hatuipatie hata tone, na baridi ikiingia inajaa maua."

Mama aling'oa nyanya siku ileile. Ole wake aliyemwaga maji karibu na shina! Mei ikapita, Juni ikapita, ardhi ikakauka ikapasuka, na sisi tukaanza kuuonea mti huruma. Halafu, katika baridi ya Julai, kila ncha ya tawi ikatoa maua, mpaka majani hayaonekani. Nyuki wakajaa. Mama aliita majirani waje watazame, wale wale waliomcheka. Baba akacheka, akasema sawa, makala tutanunua sokoni.

Ndipo shefu, mkuu wa kampi, alipokuja na vijana wake. Mkubwa fulani kutoka Kinshasa atapita, barabara ipambwe, na Jumamosi ya salongo, ile kazi ya umma ya lazima, kila lupango, yaani kila boma la nyumba, ilete matawi. Akauona mwembe wetu, macho yakamng'aa. Matawi yenye maua! Hayo ndiyo ayatakayo.

"Shefu, hii maua ndiyo maembe yenyewe," mama alimwambia. "Ukiikata sasa, hatutakula kitu."

"Sitwayene, unakatala kupokea mukubwa?"

Swali kama hilo, enzi zile za kuitana sitwayene, yaani raia, halikuwa swali. Baba alikuwa na kazi, na nyumba ilikuwa ya kazi. Akachukua panga, akapanda. Shefu alisimama chini akinyoosha kidole: lile, na lile, na lile la juu. Mama aliingia ndani akafunga mlango. Waliondoka na matawi mpaka mti ukabaki kama kuku aliyenyonyolewa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone! Alipona nani? Mvua zilipokuja, kampi nzima ilinuka maembe, watoto wa jirani wakawa na midomo ya njano, na sisi tulikula bukari na sombe tu, ugali na kisamvu chake. Habari ya kuukata mti makala baba hakuitaja tena. Lakini kinachonichoma mpaka leo si njaa ya maembe. Ni siku yenyewe aliyopita mkubwa.

Wanafunzi tulipangwa kandokando ya barabara tangu asubuhi, kila mmoja na tawi mkononi, tukiimba mpaka sauti zikakauka. Mimi niliwekwa mbele, kwenye kona, mahali magari yanapopunguza mwendo. Jua lilikuwa la utosi yalipotokea. Tukapunga, tukapiga kelele, maua yakapukutika vichwani mwetu. Gari la mkubwa likapita karibu yangu kabisa, nikaona ndani vizuri. Halafu vumbi, basi. Tukaambiwa twende nyumbani.

Mama alikuwa anampakulia baba. Hakuniuliza kama nina njaa.

"Mukubwa aliona maua?"

"Hapana, mama. Alikuwa analala."

"Analala?"

"Ndiyo. Kinywa wazi."

Baba alisukuma sahani yake, akaenda kusimama nyuma ya nyumba.